Ndoto Iliyotumika Mara Mbili

Tunduma,
Jumatano

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa magoti kabisa, usidhani ni maneno ya karatasi tu. Bi Mwanamvita ameniona nimepiga magoti hapa sakafuni akauliza nimedondosha nini. Hujambo huko Ibaba? Miguu inasemaje na hiyo baridi yenu? Mjomba Ipyana na mkewe wazima? Na vile viazi vya bondeni, ule ugonjwa wa majani umepungua? Mimi huku ni mzima, nakula na kulala, tena nimenenepa mpaka ile sketi uliyonishonea imegoma kufunga. Koo tu ndilo limekauka, kwa kazi na kwa kucheka. Hicho kicheko utakielewa sasa hivi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Mama, haya siwezi kuyasema kwenye simu. Nitalia, au nitatukana, na mtandao wa huko unavyojua kukatika palepale penye utamu, utabaki unasema haloo haloo mwenyewe juu ya kichuguu. Nataka uyasome umekaa, na ukipenda uyarudie.

Nianze na lile litakalokukalisha vizuri. Boazi amekwisha. Hajafa, usianze kumwombea. Amekwisha akiwa hai, anatembea na anasikia, na hivyo ndivyo nilivyotaka tangu siku ile.

Siku ile huna haja ya kukumbushwa, lakini mimi nina haja ya kuisema. Mpaka leo sijui Boazi alikuwa anamshauri Baba kitu gani. Baba ananunua mahindi na kahawa, kazi aliyoianza kabla Boazi hajajua hata kufunga gunia. Lakini alipopata jina mjini ndipo akaona na yeye lazima awe na mshauri. Basi Boazi akawa ndiye anayekaa kiti cha mbele kwenye gari, ndiye anayeshika simu ya Baba, ndiye wa kunyanyua kidole na kusema, "Mheshimiwa, mimi sisemi, ila macho yangu yameona." Ni wewe peke yako nyumbani uliyekuwa unamuuliza Baba kwa nini hawezi kununua hata kamba mpaka Boazi aulizwe. Kwa swali hilo tu, Mama, kwa swali hilo tu.

Boazi akaja pale nyumbani Isansa na wazee wa kanisa na majirani, akapita uani moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, akasema inueni hilo jiwe la kusagia. Hakutafuta wala kunusa. Likainuliwa, na chini yake kikatoka kitambaa cheusi chenye mafundo, ndani nywele na ulezi. Uliapa mpaka sauti ikakauka. Baba hakukutazama. Ulimuuliza Baba ni nani amemwambia kuna kitu chini ya jiwe lile, akasema hilo si la kuulizwa. Ukafunga kanga zako ukapanda kwenu Ibaba, na wewe uliyekuwa unaongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama ukawa mchawi wa Isansa. Anastazia, shoga yako wa kugawana chumvi, alikuona stendi akahama upande wa barabara. Niliona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimekubebea mzigo. Wiki ileile na mimi nikaondoka kwa Baba.

Sasa unajua ninaishi kwa Bi Mwanamvita, lakini kazi yangu hasa sijawahi kukueleza vizuri, nikiogopa utasema ni ya kihuni. Bi Mwanamvita ni mtu wa Tanga, alikuja huku akimfuata mumewe wa malori, mume akafariki, yeye akabaki. Ana banda la video pale karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Madereva wanakaa hapo siku kwa siku karatasi zao hazijatoka, Watanzania, Wazambia na salamu zao za "mulishani", Wakongo, wote wamechoka na wote wanataka kitu cha kuangalia. Sisi tunachukua filamu za nje, tunaziingizia Kiswahili, zinaonyeshwa bandani, na kadi za kuweka kwenye simu zinauzwa mlangoni. Zamani mtafsiri mmoja alikuwa anafanya sauti zote, mwanamume, mwanamke, hadi mbwa. Bi Mwanamvita akasema huo ni uvivu, kila mtu awe na sauti yake. Mimi ndiye ninayeandika maneno ya Kiswahili na kuwaongoza wanaosema. Fundi wetu Brian ananasa sauti na kuziunganisha na picha.

Mwaka huu ikatujia katuni moja ya nyimbo. Mfalme, malkia, ngoma, ndege wanaocheza, rangi mpaka macho yanawasha. Na pembeni ya mfalme yuko mshauri wake, mchawi, ndevu ndefu na kucha ndefu, ana chungu chake cha moshi. Mshauri anataka kiti cha mfalme, na malkia ndiye kikwazo, kwa hiyo anamnong'oneza mfalme usiku na mchana kwamba malkia ni mtu mbaya. Mfalme anamfukuza malkia. Mama, niliitazama mara ya kwanza na Bi Mwanamvita tukiwa na sahani za wali mapajani, nikashindwa kula. Aliniuliza nina nini nikamwambia hii katuni imetengenezwa uani kwetu. Nikamwaga yote, kuanzia Boazi mpaka jiwe. Yeye hakunipa pole. Alilamba vidole, akauliza huyo mzee ana sauti nzuri?

Anayo! Hilo hata wewe huwezi kumnyima. Unakumbuka alivyokuwa anashika maiki kwenye harusi za watu, anaimba kabla ya bwana harusi hajaingia, mpaka wapishi wanatoka jikoni. Boazi anaipenda sauti yake kuliko watoto wake. Basi nikajua nitampata kwa hiyo.

Nilimfuata sokoni kwa adabu zote. Nikapiga goti, Mama, mbele ya mtu yule nikapiga goti, na mate machungu mdomoni. Nikamwambia yaliyopita tumeyaacha, mimi ni mtoto tu, na kwamba tuna filamu kubwa yenye mtu mmoja mwenye hekima, mshauri wa mfalme, na hapa Tunduma nzima hakuna sauti ya kuibeba ila yake. Nikasema itavuka mpaka, itasikika Nakonde, itasikika hadi Lubumbashi. Hakuuliza hadithi inahusu nini wala mwisho wake ni upi. Aliuliza mambo mawili tu, huyo mshauri ana nyimbo ngapi, na kama jina lake litaandikwa kwenye kadi. Nikamwambia litaandikwa kwa herufi kubwa.

Na kwa jinsi kazi yetu ilivyo, Mama, ndipo akanasa. Tunaponasa sauti hatumwonyeshi mtu picha. Ukimwonyesha picha anaanza kutazama na kusahau kusema. Anaingia kwenye chumba tulichokizungushia magodoro ukutani, anapewa kipande kimoja anasema, kinafuata kingine, vya mwisho vikitangulia vya mwanzo, kila mtu siku yake. Anayesema hajui anamjibu nani. Kwa hiyo Boazi aliimba na kunong'ona na kucheka kile kicheko cha tumboni, akiamini kwamba yeye ndiye mzee wa busara anayeiokoa nchi. Alikuja na suti. Chumba kile kina joto la kuokea mikate, na yeye na suti yake na manukato, jasho linamtiririka, anadai aongezewe maneno. Nilimwongezea! Wimbo wake mkubwa niliutunga mwenyewe:

Lala, mfalme, mimi ndiye jicho lako,
Nitaona mimi, usione peke yako.

Aliuimba mpaka Brian akasisimka. Nilikuwa nyuma ya kioo nauma ulimi nisicheke.

Mpango wangu, nisikudanganye, ulikuwa mdogo tu. Nilitaka watoto wa Tunduma wamjue kwa sauti hiyo, kila akipita waseme mchawi huyo, kama wewe ulivyoitwa. Jicho kwa jicho, basi. Ndiyo maana sehemu moja niliiacha bila maneno. Ni pale mshauri anapomnong'oneza mfalme kwa muda mrefu kuhusu malkia. Nilimwambia Boazi hapo sijaandika kitu, maana mimi ni nani wa kumfundisha yeye kumshauri mtu mkubwa. Aseme kama yeye mwenyewe angesema. Nilikuwa natega ile "mimi sisemi, ila macho yangu yameona," ili watu wamtambue bila shaka.

Akashika ndevu. Akasema hapo msihangaike, anayo moja nzuri, haijawahi kushindwa na mtu yeyote. Akasogelea maiki akashusha sauti, akasema hivi, nayaandika kama yalivyo:

"Mheshimiwa, nimemuota marehemu mama yako. Amesimama kisimani, kanga imemlowa, ameshika jani la mgomba mdomoni kama alivyozoea akibeba maji. Hasemi na mtu. Halafu akalitoa lile jani, akaniambia, mwambie mwanangu ainue jiwe la kusagia, aone mke wake amezika nini."

Mama, ndoto sikuijua, ndiyo kwanza naisikia, lakini jiwe nililijua. Niliona ananitania usoni, anachezea jiwe letu mbele yangu kwa kuwa mimi ni mtoto wa mwanamke aliyemshinda. Nilitaka nimrukie na stendi ya maiki. Bi Mwanamvita alinishika mkono akaniambia niende nikalete chai, na hiyo chai yenyewe hakuna aliyeiomba. Niliporudi Boazi ameondoka, na Bi Mwanamvita anamwambia Brian hicho kipande kisiguswe hata pumzi. Akasema yule mzee pale hakutunga, alikuwa anakumbuka.

Siku ya kuonyesha ikawa Jumapili mchana, watu wametoka makanisani. Na hapa, Mama, ndipo ninapoamini Mungu naye ana visa vyake. Sikumwalika Baba mimi. Sikutaka hata kumwona. Boazi ndiye aliyemleta! Aliwaleta na wazee wawili wa kanisa wa Isansa na wafanyabiashara wenzake Baba, akawapanga benchi la mbele, akakaa katikati yao na suti ileile, anawaambia msikilize sauti, msikilize sauti. Anastazia alikuwepo pia, nyuma, na wajukuu zake. Banda lilijaa mpaka watoto wakaning'inia madirishani.

Mwanzo Boazi alikuwa anatabasamu. Sauti yake ikatoka, watu wakapiga makofi, akainuka nusu akawapungia. Halafu mshauri mwenyewe akatokea kwenye pazia, na zile kucha, na chungu kinafuka moshi, watoto wote wakapiga kelele kwa pamoja, mchawi, mchawi! Ulikosa, Mama! Nilikuwa pembeni ya projekta naitazama shingo yake. Tabasamu likabaki palepale usoni, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Kila mshauri akitokea, banda zima linazomea, na sauti ni yake, kila mtu ameshaambiwa ni yake, na yeye ndiye aliyewaambia. Akaanza kujifuta jasho. Akamnong'oneza Baba kitu, Baba akamwambia anyamaze asikilize.

Ndipo ikafika ile sehemu. Mfalme yuko kwenye kasri la vigae vya dhahabu, anaambiwa ainue jiwe la kusagia. Watu wakaangua kicheko, jiwe la kusagia kwenye kasri! Lakini Baba hakucheka. Baba alisimama. Alisimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikamfunika mfalme na mchawi wote wawili, watu wanapiga kelele kaa chini mzee, yeye hasikii. Akasema irudishwe. Bi Mwanamvita akampa Brian ishara, Brian akarudisha. Sauti ya Boazi ikarudia: marehemu mama yako, kisimani, kanga, jani la mgomba. 

Kisha akageuka akamuuliza Boazi, kwa Kinyiha, taratibu kabisa, kama anauliza bei. Alimuuliza mama yake alimtokea yeye Boazi, au alimtokea huyu wa kwenye pazia. Boazi akasema ni shetani. Baba akauliza tena. Boazi akanionyesha mimi kidole, akasema maneno ameandika huyu binti. Hapo Bi Mwanamvita akajisogeza na kanga yake, akasema yeye ni Mwislamu na yuko tayari kuapa mbele ya msahafu kwamba huyu mzee aliambiwa aseme la kwake, akasema analo zuri, halijawahi kushindwa na mtu yeyote. Mmoja wa wale wazee wa kanisa naye, ambaye siku ile alikuwepo uani kwetu, akasimama, akamuuliza Boazi ilikuwaje alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe kama anayekwenda kitandani kwake. Boazi alifungua mdomo. Ile sauti, Mama, ile sauti nzuri, ikatoka hewa tu.

Akaruka benchi, akakanyaga watoto, akatoka na kiatu kimoja. Vijana walitaka kumfuata wampige, mimi nikasimama mlangoni nikakataa. Usinisifu. Sikumhurumia. Aliyepigwa watu humwonea huruma, na mimi sikutaka ahurumiwe na mtu hata mmoja. Kiatu chake Bi Mwanamvita amekitundika juu ya mlango wa banda, na wateja wanauliza, na anawaeleza, kila mteja tangu mwanzo. Tukamalizia katuni. Mwishoni mchawi anageuka panzi na kuku wa jikoni anammeza. Watoto walishangilia nusura paa liondoke.

Basi sasa ujue kwa nini ulifukuzwa, maana hakuna aliyewahi kukwambia. Watu walipotoka, Baba alibaki kwenye benchi. Akaniambia kwamba Boazi alimpa ile ndoto ndani ya gari, wakitoka Itaka kununua kahawa, tena akiwa analia machozi. Unajua Bibi alizikwa Baba akiwa Zambia, hakuwahi kumwaga hata udongo. Akasema ile ilikuwa salamu ya kwanza kutoka kwa mama yake tangu hapo, na lile jani la mgomba ndilo lililomshika, kwa sababu alimwona Bibi nalo tangu yuko mgongoni. Hakufikiri kwamba Boazi naye amekulia Isansa ileile na kisima ni kilekile. Aliificha ndoto moyoni, hakumwambia mtu, hata wewe. Akasema alikuwa analala akitamani na yeye amuote, akijiuliza kwa nini mama yake amtokee Boazi na mwanawe amruke. Na Jumapili ile ameisikia akipewa mfalme wa katuni.

Alilia. Sijawahi kumwona akilia na sijui kama wewe umewahi. Mama, sikumwonea huruma. Nilimwambia alikuwa na mke ndani ya nyumba, mwenye mdomo na masikio, wa kumuuliza swali moja tu, yeye akaenda kuamini marehemu aliyeletwa na mtu mwingine. Nikamwambia Boazi alikuwa mwongo, lakini aliyemfukuza mke wake si Boazi. Akasema ni kweli. Nilitaka abishe, hakubisha.

Boazi amehamia ng'ambo, Nakonde, kwa dada yake. Amekosea! Nakonde ndiko kadi zetu zinakoshukia kwanza. Kadi nyingine nimewapa madereva bure, nisikufiche, Bi Mwanamvita amenigombeza. Nimewaambia wazigawe kila wanapolala. Nasikia watoto wa huko wanamfuata sokoni na ule wimbo, lala mfalme, mimi ndiye jicho lako, na akigeuka wanasema kuku, kuku! Wazambia wasiojua Kiswahili vizuri wanaujua wimbo wote. Akihama tena, malori yatamfuata. Bi Mwanamvita ameniuliza kama sasa inatosha. Nimemwambia siku itakayotosha nitamjulisha.

Baba alitaka kutuma wazee kwako na mbuzi, kama desturi, yaishe kwa faini na nyama. Nilikataa. Nilimwambia mbuzi hakumtukana mtu. Nikamwambia kwanza aende Isansa, kanisani, asimame pale walipokutaja kuwa mchawi, aseme kwa kinywa chake. Alikwenda Jumapili iliyopita, na mimi nilikaa benchi la pili nihakikishe. Alitaja jina lako lote na la baba yako. Akasema huyu mwanamke si mchawi wala hajawahi kuwa, mchawi nilikuwa namleta mimi mwenyewe nyumbani, namlisha, namkalisha kiti cha mbele. Alisema kwa Kiswahili kisha akarudia kwa Kinyiha, vikongwe nao wasikie. Anastazia alilia kwa sauti akatoka nje. Atakuja huko kwako na magoti yake. Usimpokee haraka, mwache akae kidogo na zile hatua alizozihamisha barabarani.

Kwa hiyo jina lako limerudi, Mama. Hakuna mtu Isansa anayeweza kulitamka vibaya tena, na akijaribu ataimbiwa.

Sasa nifike kwenye lile nililoliogopa tangu nishike kalamu. Barua hii mjomba Ipyana amekuletea, lakini hakuitoa posta. Ameipokea huko chini, dukani magari yanaposhukia watu. Baba ndiye aliyempa. Amekuja peke yake, bila wazee, bila mbuzi, bila dereva. Amekaa kwenye benchi la lile duka hivi unavyosoma. Nilimwambia hana ruhusa ya kupanda mpaka kwako mpaka wewe utume mtu, na asipotumiwa mtu ageuze. Alikubali. Alisema hata asipoitwa atakuwa amefika.

Nakujua. Mimi nimekaa huku nakusanya hasira tangu siku ulipofunga kanga, nimeilisha, nimeinywesha, na najua kabisa wewe umeshamsamehe hata kabla hujafika mstari huu. Labda umeshatazama njiani. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko Boazi na kucha zake. Mimi sijamsamehe Baba na sijui kama nitaweza, na usiniombe nijaribu, maana nitakudanganya. Jina ni lako na mume ni wako. Sitakukasirikia.

Ila nakuomba kitu kimoja, na wewe hujawahi kuninyima kitu. Usimsamehe leo. Maliza kuchambua maharage yako. Bandika chakula, ule, ushibe. Funga kuku. Baridi ya Ibaba ikishuka imkute palepale kwenye benchi na hilo koti lake jepesi la Tunduma, asikie watu wakipita wanaulizana huyu ni nani anamngoja nani. Leo akae hapo, Mama, kwa ajili yangu. Msamehe kesho.

Nisalimie mjomba na mkewe, na watoto wote wa hapo, na majirani waliokuuliza hali wakati wengine hawakuuliza. Bi Mwanamvita anakusalimu sana, anasema ukija Tunduma utakaa benchi la mbele na hulipi kiingilio. Fundi Brian naye anakuamkia. Jifunike vizuri usiku.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira bado,

Atupele